WALIBORA: KILA MSOMAJI NA KITABU CHAKE

Ubishi wenyewe ulianza kwa jambo dogo sana. Nilikuwa nimesimama mbele ya meza ya muuza vitabu vikuukuu, karibu na kituo cha mabasi cha Machakos hapa Nairobi, nikingoja basi la kwenda Kitale ambalo lilikuwa bado kujaa. Nikaokota nakala ya Siku Njema iliyokuwa imetoka jalada, nikamwuliza mwenyewe bei. Alinitajia bei iliyonishtua. Nikamwambia, "Bwana wee, kitabu hakina hata jalada!" Naye akanijibu bila ya kunitazama, "Mzee, jalada halisomwi."

Kijana mmoja aliyekuwa juu ya basi akifunga magodoro kwa kamba akadakia kutoka huko huko juu. "Kama ni Walibora mnayemzungumza, nunua Kidagaa. Hicho cha Kongowea ni cha watoto."

Muuza vitabu aliinua kichwa kama mtu aliyetukaniwa mama yake. "Cha watoto? Wewe umekisoma?"

Kijana alikiri kwamba hakukisoma. Lakini Kidagaa Kimemwozea alikisoma shuleni, akafanyia mtihani, na hata leo anaweza kuwataja wahusika wote na sifa zao. Na kweli akaanza kuwataja huku akikaza kamba: Amani, Imani, Mtemi Nasaba Bora, Mwalimu Majisifu, Bi Zuhura, DJ. Abiria wawili watatu wakasogea kusikiliza. Mmoja wao, mwalimu mstaafu mwenye kofia ya sufi, akasema kwamba vitabu vyote viwili vina kasoro moja, naye alikuwa tayari kuitaja. Hapo ndipo mama mmoja wa makamo, aliyekuwa amekaa juu ya sanduku lake na ambaye nilidhani amesinzia, aliposema, "Na Kufa Kuzikana je?"

Tukanyamaza sote. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amekisoma. Nasema sote, wala sijitoi: mimi ninayekula kwa kuandika habari za vitabu nilikuwa sijakisoma. Nilijua mwaka kilipotolewa, nilijua habari yake kwa kuambiwa, na zaidi ya mara moja nilikitaja katika maandishi yangu kama mtu anayekifahamu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwauliza watu wa kila namna maoni yao juu ya Ken Walibora. Sikuwauliza maprofesa, kwani wao wana mahali pao pa kuyatoa. Niliwauliza watu ninaokutana nao katika shughuli zangu, na leo nitaeleza waliyoniambia.

MTU MWENYEWE

Kwa wasiomjua, Walibora alizaliwa mwaka 1965 upande wa Bungoma, akakulia Trans Nzoia. Jina lake la ukoo lilikuwa Waliaula. Kwa kuwa neno aula katika Kiswahili maana yake ni bora, akaligeuza jina likawa Walibora, na nadhani hakuna mwandishi wetu mwingine aliyejibatiza kwa kamusi namna hiyo. Alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, akafundisha Wisconsin, kisha akarudi nyumbani akafundisha Chuo Kikuu cha Riara. Wengine walimfahamu zaidi kwa sura na sauti, kwa sababu aliwahi kuwasomea taarifa ya habari kwenye televisheni.

Riwaya yake ya kwanza, Siku Njema, ilitoka mwaka 1996. Kufa Kuzikana ikafuata mwaka 2003, Ndoto ya Almasi mwaka 2006, na Kidagaa Kimemwozea mwaka 2012. Mwaka 2014 akatoa tawasifu yake, Nasikia Sauti ya Mama. Zaidi ya hivyo viko vitabu vya watoto na hadithi fupi, ikiwamo Damu Nyeusi, inayosimulia habari za mwanafunzi Mwafrika katika nchi ya Wazungu.

Ijumaa Kuu, tarehe 10 Aprili 2020, aligongwa na matatu katika barabara ya Landhies. Hapo si mbali na meza ile ya vitabu. Siku kadhaa zilipita kabla ya jamaa zake kumpata katika chumba cha maiti. Muuza vitabu aliniambia kwamba habari zilipoenea, watu walikuja kutafuta vitabu vyake, na kila aliyekuja alitaka kile kile alichokisoma shuleni, basi. Hakuna aliyeuliza kama kuna kingine.

KONGOWEA NA BABA YAKE

Muuza vitabu ni mtu wa Siku Njema. Amekisoma mara nne, na anazo sababu zake. Kama wasomaji wengi wanavyokumbuka, kitabu hicho kinasimulia habari za Kongowea Mswahili, mtoto wa Zainabu Makame, mwimbaji wa taarabu wa Tanga. Baba yake, Juma Mukosi, ni mtu wa bara, wa Kitale, ambaye mtoto hakulelewa naye. Mama anafariki, kijana anabaki na masumbuko ya kulelewa na jamaa, na mwishowe anafunga safari ndefu kumtafuta baba.

Mwalimu mstaafu aliishika nakala ile isiyo na jalada, akaipiga piga kwa kidole. Kasoro aliyotaka kuitaja ni sadfa. "Katika hadithi hii," alisema, "karibu kila anayepotea hupatikana. Mtu anatoka kwao na jina tu la baba mdomoni, halafu njiani anakutana na yule yule anayemhitaji. Nimefundisha miaka thelathini, nimewaona watoto wengi waliokwenda kuwatafuta baba zao. Hawakuwapata."

"Ndiyo maana nakisoma," alijibu muuza vitabu.

Mwalimu alifungua kinywa, kisha akakifunga. Mimi nami, ambaye siku zote nimekuwa upande wa mwalimu katika jambo hili la sadfa, nilijiona nimeshindwa hoja na maneno matatu.

Lakini naomba niongeze langu. Kitu ninachokipenda katika Siku Njema ni njia anayoishika Kongowea. Anatoka Tanga kuja Kenya, kisha anapanda bara mpaka Kitale. Hiyo ndiyo njia iliyoshikwa na Kiswahili chenyewe, kutoka pwani kupanda juu. Na aliyeandika ni mtoto wa huko huko juu, aliyekaa Trans Nzoia akajibunia shujaa wa pwani mwenye jina la Mswahili, akamfanya aje kumtafuta baba upande wa kwao mwandishi. Darasani mwetu tulikuwa na nakala moja tu ya kitabu hicho. Mwalimu alikuwa akitusomea kwa sauti saa za mwisho Ijumaa, na mpishi wa shule alikuwa akija kusimama dirishani na mwiko wake mkononi. Siku moja ugali uliungua, na hakuna aliyemlaumu.

KITABU CHA MTIHANI

Kidagaa kina habari nyingine. Watahiniwa wa kidato cha nne walikitahiniwa kuanzia mwaka 2013 hadi 2017, maana yake ni mamia ya maelfu ya vijana. Sidhani kuna riwaya nyingine ya Walibora iliyopita katika mikono mingi kiasi hicho. Walakini nilipowauliza watu wa rika hilo, wengi walinijibu kama yule kijana wa juu ya basi: sifa za wahusika, maudhui, mbinu za lugha. Nilipomdadisi zaidi, kijana alicheka akasema ukweli. Riwaya yenyewe hakuimaliza. Alisoma mwongozo.

"Na alama ulipata ngapi?"

"B ya kuongeza, mzee."

Sasa utamlaumu nani? Wahusika wa kitabu hicho wamepewa majina yanayojieleza yenyewe. Majisifu anajisifu, Amani ana amani, Imani ana imani. Kwangu mimi hilo ndilo doa kubwa la Kidagaa. Lilimrahisishia mwanafunzi kazi ambayo riwaya nzuri humwachia aifanye mwenyewe. Hata hivyo, sitaki kumwonea marehemu. Huyo huyo Majisifu, ukimwacha na jina lake, ni mtu uliyepata kukutana naye. Ni mwalimu anayesifiwa kila mahali kwa kitabu ambacho hakukiandika, kwa sababu aliiba muswada wa kijana Amani, na anaishi miaka yote akiogopa siku atakapotakiwa kusimama mbele ya watu na kuzungumza kama mwandishi. Mambo ya Mtemi na mashamba aliyopora yameandikwa na wengi. Huyu mwizi wa maneno ni wa Walibora. Na ukitaka kucheka, tembea barabarani uone jinsi riwaya hiyo ya wizi wa kitabu ilivyochapishwa na wezi, kwa karatasi nyepesi na wino unaokupaka vidole.

Aliyenibadilisha mawazo kidogo juu ya Kidagaa ni dada mmoja muuguzi ambaye mimi na yeye huabudu kanisa moja. Alikisoma shuleni kwa lazima, akakichukia. Akamaliza masomo, akaajiriwa katika hospitali moja ambayo sitaitaja, akawekwa zamu ya usiku. Usiku mmoja alikuja mama mchanga na mtoto mwenye homa, na foleni ilikuwa ndefu, na dada huyu alikuwa hajakaa chini tangu saa kumi na mbili jioni. Akamwambia yule mama angoje.

"Nilipogeuka tu," aliniambia, "nikamkumbuka Uhuru."

Uhuru ni kile kitoto kichanga katika Kidagaa kilichoachwa kwenye kibanda cha Amani, ambacho Amani na Imani walikihangaikia mpaka kikafa kwa kukosa kushughulikiwa na waliopaswa kukitibu. Shuleni dada huyu aliandika insha juu ya kifo hicho, akaeleza kwamba mtoto anawakilisha uhuru wa nchi uliotelekezwa. Alipata alama kumi na saba kwa ishirini. "Lakini usiku ule hakuwakilisha kitu," alisema. "Alikuwa mtoto. Nikarudi nikamchukua."

Nilimwuliza kama baada ya hapo alikisoma kitabu tena. Akasema hapana, anaogopa.

MAMA WA KUFA KUZIKANA

Basi la Kitale lilipojaa, nilibahatika kukaa kiti kimoja na yule mama wa sanduku. Alikuwa akishukia njiani, upande wa Burnt Forest, ambako ana duka dogo. Tulipita Nakuru kabla hajanieleza alivyokifahamu kitabu kile.

Mwaka 2008, mwezi wa Januari, nyumba zilipokuwa zikichomwa kwa ajili ya matokeo ya uchaguzi, jirani yake wa kabila jingine aliwaficha watoto wake wawili ghalani, chini ya magunia ya mahindi, usiku mzima. Asubuhi akawapitisha shambani mpaka barabarani, na mama na wanawe wakafika uwanja wa maonyesho wa Eldoret walikokimbilia maelfu ya watu. Duka liliteketea. Aliporudi, miezi mingi baadaye, aliambiwa kwamba katika kundi lililolichoma duka lake alikuwamo kijana wa jirani yule yule.

"Tunasalimiana," alisema. "Kwaheri, habari, basi. Kumshukuru nashindwa, kumlaumu nashindwa."

Kitabu alikikuta miaka kadhaa baadaye kwenye mkoba wa binti yake, aliyekuwa amekiazima. Aliona maneno kufa kuzikana juu ya jalada akafikiri ni habari za mazishi. Sisi hulitumia neno hilo kwa marafiki walioshikamana hata mmoja atamzika mwenzake, na riwaya inahusu marafiki wa namna hiyo, vijana wawili wa jamii mbili zinazogeukiana katika nchi ya kubuni. Mama alikisoma kwa siku tatu dukani, wateja wakisubiri. Alipofika mwisho akatazama mwaka wa kuchapishwa akaona 2003.

"Alijuaje?" aliniuliza. Nilimjibu kwamba Trans Nzoia, alikokulia mwandishi, ilipata mapigano ya kikabila tangu miaka ya mwanzo ya tisini, kwa hiyo hakuhitaji utabiri. Mama akatikisa kichwa. Yeye pia aliyajua mapigano hayo ya 1992. Alichotaka kujua ni mbona sisi wengine, tuliokuwa na miaka minne ya kukisoma, hatukukisoma. Sikuwa na jibu.

Hata hivyo alikuwa na lalamiko moja juu ya mwandishi. Katika riwaya, jamii hizo mbili zinaitwa Wakorosho na Wakanju. "Hapo nilikasirika," alisema. "Watu wanakufa kweli, yeye anatuita kwa majina ya mchezo. Kwa nini hakututaja? Aliogopa?" Akanyamaza mpaka tulipokuwa tunakaribia Timboroa. Halafu akasema kwamba labda angetaja makabila yenyewe, kila mmoja angesoma ukurasa wa mwenzake tu na kuuruka wake. Lakini hakuridhika na jibu lake mwenyewe, niliona.

Niliporudi Nairobi niliazima kitabu hicho kwa rafiki nikakisoma. Sitawasimulia. Nitasema tu kwamba kuna mahali kimeharakishwa, na sadfa za mwalimu mstaafu zimo, na kwamba kwa maoni yangu ndicho kitabu chake ambacho nchi hii ilikihitaji zaidi ya vingine vyote. Sisi tulikuwa tumeshughulika na sifa za wahusika.

KISWAHILI CHA PASI

Mwezi uliofuata nilikwenda Mombasa kwa shughuli nyingine, nikamtembelea mzee mmoja wa Mji wa Kale ambaye hunisahihisha Kiswahili changu bila huruma. Nilimwuliza habari ya Walibora. Akaniagizia kahawa kwanza.

"Kiswahili chake kimepigwa pasi," alisema mzee. "Kimenyooka mno. Kila sentensi ina methali yake mfukoni. Sisi nyumbani hatusemi hivyo, mwanangu. Sisi twakosea." Alipoona nacheka, akainua mkono. "Ngoja. Mtu aliyezaliwa na nguo huivaa hata imekunjamana. Aliyeinunua kwa fedha yake huipiga pasi. Simlaumu. Na sisi tuliozaliwa nayo, wangapi waliketi wakaandika riwaya?"

Haya si maoni yake peke yake. Nimeyasikia kwa wengi wa pwani, na wengi wa bara huyakataa kwa hasira, wakisema kwamba ni hicho Kiswahili cha pasi kilichowafundisha wao kuthubutu kuandika. Ubishi huo hautaisha leo. Mimi naona katika Siku Njema ile pasi inapendeza, kwa sababu msimulizi ni kijana anayejivunia lugha yake, na katika Kidagaa mara nyingine inachosha.

Lakini jambo lililonifanya nimkumbuke mzee huyu katika makala haya ni jingine. Nilimtajia Wakorosho na Wakanju, na lalamiko la mama wa Burnt Forest. Mzee akaweka kikombe chini.

"Kanju ni nini?" aliniuliza.

Nilisema sijui, nilidhani ni jina tu.

Akacheka mpaka akakohoa. "Nenda Kilifi uulize. Mkanju ndio huo huo mkorosho. Mti mmoja, majina mawili! Tunda lake wengine waliita bibo, sisi twaliita kanju." Akarudia pole pole, kana kwamba nilikuwa mtoto wa chuoni: "Mti mmoja."

Nilitoka hapo nikasimama kivulini nikampigia simu yule mama, kwani aliniachia namba tulipoagana. Nilimweleza kama nilivyoelezwa. Alikaa kimya kwa muda mrefu hata nikadhani simu imekatika. Kisha nikamsikia akimwambia mteja kwamba sukari imekwisha, arudi kesho.

"Basi nilimwonea," alisema.

Nikamwuliza kama anadhani jirani yake amewahi kukisoma kitabu hicho. Akasema jirani yake hajui kusoma. Halafu akaniomba, nikipata nakala, nimtafutie moja. Ile ya binti yake ilirudishwa kwa mwenyewe, na Eldoret aliuliza akakosa.

Wiki iliyopita nilikwenda tena kwenye meza ile ya kituo cha mabasi. Vitabu vilikuwa vimepangwa vizuri, Kidagaa nakala saba au nane mbele kabisa, na Siku Njema isiyo na jalada ingalipo, bei ile ile. Nilimwuliza muuzaji kama amepata Kufa Kuzikana. Akainama chini ya meza akakitoa, nacho kilikuwa na tiketi ya basi iliyotiwa katikati kama alama.

"Nikupe shilingi ngapi?" nilimwuliza.

"Hiki hakiuzwi kwanza," alisema, akakirudisha chini. "Niko ukurasa wa arobaini."